Mwalimu Nyerere na Fadhila ya Kiasi



Ikitajwa fadhila ya kiasi wengi wetu tunafikiria sahani na chupa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaipa uwanja mpana zaidi. Chini yake anaweka hata unyenyekevu na upole. Kwa kipimo hicho kipana tumeona tumtazame Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, maana maisha yake yanatugusa hata sisi wa Bahi, na si kwa utamu peke yake.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, akabatizwa mwaka 1943. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Machi 1955 aliacha kazi hiyo pamoja na mshahara wake kwa ajili ya TANU, akiwa tayari na familia. Kati ya majina yote aliyopewa baadaye, lililobaki ni lile la darasani.

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kukijenga chama. Wiki sita tu! Nasi tunajua hata uenyekiti wa kigango unavyogombewa. Mwishoni mwa mwaka huo huo alirudi, akiwa Rais.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wakanung'unikia pia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Lakini pale pale akakata mshahara wake kwa asilimia 20. Kwa maoni yetu, siku ile upole ulimpungukia, ila masikio hayakuziba: alijua kwamba katika kelele zile mlikuwa na neno la kweli. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Mama Maria alikuwa na mradi wake wa kuku, ukaachwa. Katika habari za kiasi cha wakubwa, mke husahaulika upesi, ingawa naye alilipa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, baada ya Ugogo kupigwa na ukame na njaa. Bahi na Chamwino zilikuwa bado wilaya moja, Dodoma Vijijini. Rais hakubaki ofisini akitoa maagizo: alikaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Tukilinganisha na misafara tuliyoizoea, jambo hilo ni kubwa.

Lakini wazee wetu hawakutawanya tembe zao kwa ujinga. Mvua ya huku hunyesha upande mmoja wa mbuga na kuuacha mwingine mkavu. Mwenye mashamba mahali tofauti hapati hasara yote kwa mara moja, na ng'ombe nao wanahitaji nafasi. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Wako waliopandishwa malori na vyombo vyao, tembe nyuma yao zikibomolewa. Hapo ndipo tunapokwama, sisi tunaosoma falsafa: kiasi ni fadhila kwa sababu mtu anajitawala mwenyewe. Alichojinyima Mwalimu kwa hiari, wengine walikipoteza kwa kusukumwa. Hatusemi hivi ili kumpunguzia. Mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, ulioanzia Jimbo la Musoma, wenyewe unataka yote yasemwe, na mzee wa Bahi aliyevunjiwa tembe ni shahidi sawa na yule aliyemwona akipiga magoti kanisani.

Mwaka 1985 aling'atuka urais, na mwaka 1990 uenyekiti wa chama. Alirudi Butiama kulima. Huko alifanya kazi ambayo wengi hawakuitegemea: kuziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, mizani nane kila kipande. Mtu aliyezoea kusikilizwa na umati uwanjani alikaa akihesabu silabi, akikata neno lililozidi. Tenzi hizo zilichapwa na Ndanda-Peramiho mwaka 1996, miaka mitatu kabla hajafariki London, tarehe 14 Oktoba 1999.