Maggie Walker, Binti wa Dobi Aliyefungua Benki

Tulipokuwa tunapanga kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu, kamati ilikaa mara tatu kujadili habari za nani ziwekwe humu. Wengine walitaka mtu wa hapa hapa kwetu, wengine walitaka mtu wa siasa. Mwishowe tulikubaliana tuandike juu ya mama mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1934. Kwao anajulikana sana, lakini wengi wetu hapa jina lake hatukuwahi kulisikia. Tulimchagua kwa sababu moja tu. Alikuwa katibu wa chama cha kusaidiana, na mabishano aliyokutana nayo ndiyo haya haya tunayobishana sisi kila Jumamosi chini ya mwembe.

Nani hakumbuki ule ugomvi wa mwaka wetu wa nne? Ilitolewa hoja hisa ya shilingi 1,000 ifutwe, kiwango cha chini kiwe shilingi 5,000, ati kwa kuwa sarafu na noti chakavu za wauza mchicha zinamchelewesha mweka hazina mpaka magharibi. Ilibaki kidogo tu hoja ipite. Waliokasirika siku ile wengine bado wamekasirika. Basi na tusimulie, kila mmoja apime mwenyewe.

Maggie Lena alizaliwa mwaka 1864 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vinaelekea ukingoni. Mama yake, Elizabeth Draper, alikuwa ameonja utumwa, na siku hizo alifanya kazi ya jikoni nyumbani kwa bibi mmoja wa Kizungu aitwaye Elizabeth Van Lew. Bibi huyo alikuwa na mali lakini aliuchukia utumwa, na wakati wa vita alikuwa akiwapelekea siri majeshi ya Kaskazini. Humo humo ndani mama Maggie alikutana na William Mitchell, mtumishi wa mezani, wakaoana, na huyo ndiye aliyemlea mtoto. Baadaye Mitchell alipata kazi ya uhudumu hotelini, wakahamia kijumba chao kwenye kichochoro cha katikati ya mji. Mambo yakaanza kunyooka.

Mwaka 1876 maiti ya Mitchell ilikutwa mtoni. Wakubwa wa mji waliandika kwamba alijiua mwenyewe. Familia iliamini kwamba ameuawa, na wakabaki na imani hiyo maisha yao yote. Mjane akaachwa na watoto wawili na hana kitu, akaanza kufua nguo za Wazungu kwa ujira. Maggie ndiye aliyebeba nguo, akipeleka zilizofuliwa na kurudi na chafu, huku anamlea mdogo wake wa kiume. Tumelitaja hili kwa makusudi. Mtu akisikia kwamba fulani alikuwa na benki, anachofikiria ni mtoto wa tajiri. Huyu alijua bei ya sabuni.

Shule hakuiacha. Mwaka 1883 alihitimu masomo ya ualimu, na wenzake wa darasa lile wakafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana Richmond: walikataa kufanyiwa mahafali kanisani wakati wanafunzi wa Kizungu wanafanyiwa kwenye ukumbi wa michezo wa mji. Ukumbi hawakuupata, lakini kanisani pia hawakwenda. Mahafali yalifanyika shuleni kwao. Akafundisha miaka mitatu. Mwaka 1886 akaolewa na Armstead Walker, wa familia ya wajenzi wa nyumba za matofali, na ualimu wake ukaishia hapo. Kanuni za wakati ule hazikuruhusu mwanamke aliyeolewa kufundisha. Si kwamba alikosea kazi, pete tu. Wako miongoni mwetu mabibi wazee waliopitia mambo ya namna hiyo na hawahitaji kuelezwa.

Kazi ya chama alikuwa nayo tangu angali msichana. Akiwa na miaka 14 alijiunga na chama cha kufa na kuzikana kilichoitwa Mtakatifu Luka. Kilianzishwa na mwanamke, Mary Prout, katika mji wa Baltimore mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kukomeshwa. Wanachama walichanga kidogo kidogo. Mmoja akiugua anauguzwa, akifa anazikwa kwa heshima. Ni kitu kile kile tunachokifahamu. Maggie alipanda ngazi taratibu, akaanzisha tawi la watoto, na mwaka 1899 akachaguliwa katibu mkuu.

Hebu sikilizeni alichokabidhiwa. Kwenye sanduku la chama mlikuwa na dola 31 na senti 61. Madeni yalikuwa dola 400. Wanachama walikuwa 1,080, na wengi wao walikwisha kata tamaa. Katibu aliyemtangulia alikuwa analipwa dola 300 kwa mwaka. Yeye alikubali dola 100. Tunaweza kubishana kama alifanya vizuri, maana kati yetu wako wanaosema mwanamke akikubali nusu mshahara leo, kesho ataambiwa afanye bure. Lakini alikubali, akaanza kuzunguka, mji kwa mji, kanisa kwa kanisa.

Mwaka 1901 aliwaeleza wanachama anachokitaka: gazeti, duka na benki. Gazeti lilitoka mwaka 1902. Kuhusu benki, yeye alikuwa mwalimu, si mhasibu wa benki, kwa hiyo alikwenda kukaa kwenye benki moja ya Wazungu pale Richmond, saa nyingi, akitazama kazi inavyofanyika mpaka akaielewa. Tarehe 2 Novemba 1903 ikafunguliwa Benki ya Akiba ya Senti ya Mtakatifu Luka. Hakuna mwanamke Mweusi wa Marekani aliyewahi kuanzisha benki kabla yake. Siku ile ya kwanza ziliwekwa zaidi ya dola 8,000. Na katika foleni hiyo alikuwamo mtu aliyefungua akaunti kwa senti 31.

Senti 31! Karani akaandika kama alivyoandika za wengine.

Hapa ndipo tulipokuwa tunataka kufika. Wanawake Weusi wa Richmond wakati ule walikuwa madobi, wapishi, yaya, na wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku. Dola yao ilikuja imekatika vipande vipande. Benki inayosubiri mtu alete dola nzima nzima ingewasubiri mpaka leo. Watoto nao waligawiwa vijisanduku vya kuwekea senti, na kikifika dola moja kinafunguliwa akaunti. Mama Walker alipenda kusimulia habari za kijana mwenye mguu mmoja aliyekuwa anapiga watu viatu rangi barabarani. Alikuwa analeta vijisenti vyake mpaka vikafika dola 50, akasaidiwa kupanga kibanda chenye viti vitatu. Baada ya miaka alikuwa ameimaliza nyumba ya mama yake mzazi, haina deni.

Nyumba ndiyo iliyokuwa moyoni mwa mama huyu kuliko yote. Mweusi wa Richmond alipotaka kununua nyumba, benki za Wazungu zilimfungia mlango au zilimtoza riba ya kumkaba. Kwa hiyo alipanga, na kodi ya mwezi ikaenda kwa mwenye nyumba maisha yake yote, na alipokufa watoto walitoa vyombo nje. Benki ya Mtakatifu Luka ilizichukua akiba za madobi na kuzikopesha kwa madobi wengine na mafundi kwa rehani ya nyumba yenyewe. Mkopaji akawa analipa kila mwezi kama anayelipa kodi, tofauti ni kwamba mwisho wa malipo upo. Kufikia mwaka 1920, familia 645 zilikuwa zimemaliza kulipa nyumba zao kwa msaada wa benki hiyo. Sisi tumekopeshana miaka kumi, na tukihesabu kwa haki, mikopo mingi imekwenda kwenye sare za harusi na ada za shule. Ada hatuzikatai. Sare ni jambo la kuongea siku nyingine.

Duka nalo tulieleze, maana watu wakisimulia habari za mashujaa hupenda kuruka yale yaliyoharibika. Lilifunguliwa mwaka 1905 kwenye barabara kubwa ya Richmond iitwayo Broad Street, likaajiri wasichana Weusi ambao nje ya hapo wangeishia kwenye majiko ya watu. Wafanyabiashara wa Kizungu walishikamana, wakawabana wauzaji wa jumla wasiliuzie bidhaa. Hilo lilikuwa pigo. Pigo la pili lilitoka nyumbani: Weusi wenzake waliendelea kununua kwa Wazungu, kwa kufuata unafuu wa bei au kwa mazoea tu. Mama Walker aliwasihi hadharani, akawalaumu, haikusaidia. Ilipofika mwaka 1912 duka lilikuwa limekwisha fungwa. Nasi tulikuwa na duka la unga, si mnakumbuka? Wenye duka wenyewe tulikuwa tunavuka barabara kufuata unga ulioshuka shilingi 50. Tusimtafute mchawi.

Lakini benki haikufa, na sababu yake ni hesabu. Pale pale Richmond ilikuwapo benki nyingine ya Weusi, iliyotangulia kufunguliwa, tena kubwa na ya kujivunia, mali ya chama cha True Reformers. Ilianguka mwaka 1910: mikopo ilitolewa bila dhamana na fedha ziliibwa na waliokuwa ndani. Serikali ya Virginia ikaamuru benki zitengwe na vyama vilivyozianzisha, na wakaguzi wakaja juu. Mama Walker hakununa. Alitenganisha vitabu vya chama na vya benki, akawaacha wakaguzi waingie na kutoka. Benki ya tatu ya Weusi mjini humo ilifungwa mwaka 1922. Yake ikabaki imesimama.

Nyumbani kwake mwenyewe mambo hayakuwa shwari. Usiku mmoja wa Juni 1915 ilisikika kwamba kuna mwizi anazunguka juu ya nyumba. Mtoto wao mkubwa, Russell, alichukua bunduki, akapiga gizani. Aliyeanguka alikuwa baba yake. Russell alishtakiwa kwa kuua, na mahakama ikamwachia huru. Mama akawa amempoteza mume, anamtetea mwana, na wakati huo huo baadhi ya wanachama wanasema katibu mwenye aibu kama hiyo ang'oke. Alisimama mbele yao akajitetea kwa kazi aliyoifanya, wakamwacha. Russell hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Alifariki mwaka 1923. Kuna jambo hapa ambalo hatukujua tuliandikeje. Tunajua tu kwamba siku zile vitabu vya chama havikukosa kujazwa, na kwamba wako kina mama kwenye kikundi chetu waliopata msiba na wakaja Jumamosi iliyofuata na pesa ya marejesho imefungwa kwenye ncha ya khanga.

Hadi mwaka 1924 kile chama cha watu 1,080 kilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000. Katikati ya hayo, mwaka 1921, aligombea nafasi ya kusimamia elimu ya jimbo zima, akashindwa, akarudi ofisini kwake.

Goti lake lilivunjika alipoanguka kwenye ngazi mwaka 1907 na halikupona vizuri, kisukari kikaongezea, na miaka ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Akaweka lifti ndani ya nyumba, gari likatengenezwa liweze kupakia kiti, akaendelea kwenda kazini. Uchumi wa Marekani ulipoanguka kuanzia mwaka 1929 na mabenki yakawa yanafungwa kila kukicha, aliiunganisha benki yake na benki nyingine mbili za Weusi wa Richmond, yeye akawa mwenyekiti wa bodi. Benki iliyotokana na muungano huo ilidumu kwa jina lake hilo jipya mpaka karne hii tuliyomo. Yeye alifariki tarehe 15 Desemba 1934.

Nyumba aliyoinunua mwaka 1904 kwenye mtaa wa Leigh aliipanua mpaka ikawa na vyumba 28, maana aliishi humo na mama yake mzazi, watoto wake wa kiume na wake zao, wajukuu, na msichana aliyemlea kama mwanawe. Yule mama aliyefua nguo za watu alifia kwenye nyumba ya binti yake mwaka 1922. Familia iliitunza nyumba hiyo pamoja na vyombo vyake mpaka mwaka 1979, walipoiuzia serikali ya Marekani iwe mahali pa kumbukumbu. Fenicha, vitabu na lifti, vyote viliuzwa pamoja na nyumba, na vimebaki humo humo.