Honda, Spoku na Cheti

Kila muhula lazima aje mtu na maikrofoni kutuhadithia habari za Soichiro Honda. Hadithi yenyewe tunaijua: Mjapani aliyegoma kufanya mitihani, akakosa cheti, akatajirika, na jina lake likabandikwa kwenye pikipiki na magari dunia nzima. Ukumbi unapiga makofi, tunarudi hosteli tukiwa na hasira na vyeti ambavyo hata hatujavipata bado. Mimi hadithi hiyo imenichosha. Si kwamba ni ya uongo, ila imekatwa katikati. Nimemsoma huyu mzee, na naomba niisimulie nzima, nikianzia kwenye gurudumu.

Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli, kwa hiyo mtoto alikulia katikati ya moshi wa tanuri na baiskeli zilizopinduliwa magurudumu juu. Mwaka 1917 rubani wa Kimarekani, Art Smith, alifika Hamamatsu kuonyesha ndege yake. Honda akatoroka shule, akachukua baiskeli ya baba yake, akapiga pedali kama kilomita 20. Baiskeli ilikuwa kubwa kuliko yeye, ikabidi apenyeze mguu chini ya mtalimbo, kama watoto wa kwetu wanavyojifunzia kwenye Phoenix ya babu. Hela ya kiingilio haikutosha. Akapanda mti, akaiona ndege akiwa huko juu.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, akaenda Tokyo kujifunza ufundi wa magari kwenye karakana ya Art Shokai. Miezi ya mwanzo hakushika spana. Alishika mtoto wa bosi, kumbeleza. Tarehe 1 Septemba 1923 likaja tetemeko kubwa la ardhi, Tokyo ikaungua, na kazi za kutengeneza magari yaliyoharibika zikawa nyingi. Hapo ndipo mikono yake ilipokomaa. Mwaka uliofuata karakana ilishinda mbio kwa gari lililofungwa injini ya ndege ya Curtiss, na Honda ndiye aliyekaa kando ya dereva kama fundi. Mwaka 1928 akarudi Hamamatsu kufungua tawi lake.

Kitu kilichompa jina pale ni spoku. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na spoku za mbao, na mbao hulegea, huoza, tena huungua. Honda akatengeneza spoku za chuma cha kusubu, akazipatia hataza. Yaani kabla ya injini, kabla ya pikipiki, kijana alianza na gurudumu.

Hapa nisimame kidogo, maana spoku zina tabia mbili. Spoku ya mbao, au ile nene ya chuma cha kusubu, ni nguzo: hubeba uzito kwa kusukuma. Spoku ya waya, ya baiskeli na pikipiki, ukiisukuma inapinda. Yenyewe kazi yake ni kuvuta. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda ziko 36, zote zinavuta kile kitovu cha gurudumu pande zote kwa mpigo, nacho kinabaki kimening'inia katikati ya ringi. Halafu hazitoki kwenye kitovu zikiwa zimenyooka kama miale ya jua. Zinatoka kwa ubavu na kupishana, ili ukivuta mafuta au ukishika breki kitovu na ringi vizunguke pamoja.

Haya sikuyapata darasani. Nimeyapata kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye anapiga spoku Gerezani. Nikitoka Kivukoni naifuata Sokoine Drive, napita Stesheni, namkuta amekaa kwenye kigoda na gurudumu mapajani. Kabla hajafungua chochote anapima kwa rula ringi imekaa umbali gani kutoka ukingo wa kitovu, maana kwenye pikipiki nyingi haikai katikati kabisa. Anaingiza spoku zote zikiwa legevu, anazungukia nati zake moja moja, kidogo kidogo. Halafu anaweka msumari karibu na ringi, anazungusha gurudumu, anatazama. Ringi ikigusa msumari, analegeza spoku za upande huo robo mzunguko na kukaza za upande wa pili. Kwanza anaondoa kupanda na kushuka, kisha anaondoa kuyumba. Mwisho anagonga kila spoku kwa spana na kusikiliza. Iliyolegea ina mlio mzito. Ncha zilizochomoza ndani ya ringi anazisaga zisije zikatoboa tyubu.

Pikipiki ya zamani ya mashindano ikifufuliwa leo, iwe Japani au Uingereza, gurudumu lake linapitia hatua hizi hizi. Vifaa vya kupimia vitakuwa vizuri zaidi, basi. Ringi ikiyumba milimita chache hapa Msimbazi, abiria atalalamika. Kwenye mbio, mtu anaweza kufa.

Sasa, mdogo wangu ana miaka 19 na ameniuliza swali zito. Mama mdogo anataka aende VETA Chang'ombe. Yeye anaona atapoteza muda na wateja. Na habari za Honda kukataa cheti zimemfikia hata kule Gerezani, kwa njia ya simu. Ndiyo maana nusu ya pili ya hadithi inanigusa.

Mwaka 1936 Honda alipinduka na gari kwenye mbio za Tamagawa, akaumia vibaya. Alipopona akaamua kuacha matengenezo na kuanza kutengeneza ringi za pistoni. Akakesha karakanani. Ringi zikatoka ngumu kama jiwe, hazifai. Mikono iliyokuwa imeshinda kila kitu ikagonga ukuta. Akazipeleka kwa wasomi wa chuo cha ufundi cha Hamamatsu; zikapimwa, ikaonekana chuma chake kimepungukiwa silikoni. Neno hilo hakuwa analijua. Basi mtu mzima, mwenye mke na wafanyakazi, akaenda kukaa darasani na vijana kusoma habari za metali.

Hapo ndipo wasemaji wetu wanapochukulia hadithi. Ni kweli hakufanya mitihani, na ni kweli hakupewa cheti. Lakini wanaruka kitu kimoja: alikwenda chuo akiwa na swali mkononi, na hakuacha mpaka amepata jibu. Hata hivyo mambo hayakuwa laini. Alipowapelekea Toyota ringi 50 za majaribio, zilizofaulu zilikuwa 3 tu. Akarudi kuzifanyia kazi, mpaka kampuni ile ile ikawa mteja wake mkubwa.

Vita ikaja, na Januari 1945 tetemeko likaangusha kiwanda. Akawauzia Toyota hisa zake. Mwaka 1946, nchi ikiwa haina usafiri, akachukua injini ndogo za jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tarehe 24 Septemba 1948 ikazaliwa Honda Motor. Mwaka uliofuata akajiunga Takeo Fujisawa, aliyeshika fedha na mauzo, kazi ambayo Honda hakuipenda wala hakuiweza.

Machi 1954 Honda akatangaza kwamba pikipiki zake zitashindana kwenye mbio za TT za Isle of Man. Kampuni ilikuwa na hali mbaya ya fedha. Juni akaenda kutazama, akaona pikipiki za Wazungu zina nguvu mara nyingi kuliko zake. Hakujifariji. Alirudi Japani na mzigo wa vipuri vya mashindano: ringi za magurudumu, tairi, minyororo, kabureta. Wahandisi wake wakavipima kimoja kimoja. Ni tabia ile ile ya chuoni: kama hujui, nenda kwa anayejua, chukua, rudi kazini.

Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1959 timu yake iliingia daraja la sisi 125 na pikipiki zenye magurudumu ya spoku. Naomi Taniguchi akamaliza wa sita, na Honda ikapata tuzo ya timu. Mwaka 1961 Mike Hailwood akawapa ushindi wa 125 na 250. Wakati huo Super Cub, iliyotoka 1958, ilikuwa barabarani, nayo ina spoku. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Honda na Fujisawa walistaafu pamoja mwaka 1973. Mzee akafariki tarehe 5 Agosti 1991.

Nilimjibu mdogo wangu kwa swali: mikono yako imeshindwa kukujibu nini? Hakufikiri sana. Akasema kuna spoku zinakatika pale pale kwenye kona, karibu na kitovu, hata ringi ikiwa imenyooka vizuri. Anabadilisha, wiki mbili, inakatika jirani yake. Hajui kwa nini. Nikamwambia hiyo ndiyo silikoni yako. Kuna watu wanasomea jinsi chuma kinavyochoka kwa kuvutwa na kuachiwa mara maelfu, na kwa nini spoku iliyolegea huchoka kabla ya iliyokazwa. Kawaulize. Wiki iliyopita ameenda Chang'ombe kuulizia masomo ya jioni, asije akapoteza wateja.

Lakini wasomi wenzangu, swali lile linatugeukia na sisi. Yeye ana swali, anatafuta darasa. Sisi darasa tunalo, tumelilipia, wengine kwa mkopo. Je, swali tunalo? Mimi la kwangu nimeanza kuliandika pembeni ya daftari, na muhula huu naingia nalo lekcha.