Al-Jahiz na Siri ya Mwindaji Anayewindwa

Leo tunamwangalia Abu Uthman Amr bin Bahr, mashuhuri kwa jina la al-Jahiz, aliyezaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 160 Hijria (776 Miladia). Lakabu hiyo aliipata kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza. Alikulia katika ufukara. Yasimuliwa kwamba aliuza mkate na samaki, na usiku akikodi maduka ya wauza vitabu ili akeshe akisoma.

Katika tungo zake nyingi, mashuhuri zaidi ni Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, chenye juzuu saba. Humo alilikabili swali ambalo hata watoto wetu hutuuliza: kwa nini Mwenyezi Mungu ameumba nyoka, mbu na wanyama wakali? Hakujibu kwa kukemea. Alimwelekeza muulizaji atazame nani anamla nani. Mbwa mwitu humwinda mbweha, mbweha humwinda kalunguyeye, kalunguyeye humla nyoka, nyoka shomoro, shomoro nzige, na mnyororo ukashuka hivyo hadi kwa nzi amlaye mbu. Panya naye hutoka shimoni kutafuta riziki huku akijihadhari asije akawa yeye riziki ya nyoka. Kwa al-Jahiz, maslahi ya dunia yamesimama juu ya mchanganyiko wa chenye kudhuru na chenye kunufaisha. Kikiondoshwa kimoja, na kingine huharibika.

Si yote aliyoyanakili yaliyo sahihi. Alimtaja nyuki kuwa mla nzi, ilhali chakula cha nyuki hutoka mauani. Na wale wadaio kwamba alikwisha kusema yote aliyosema Darwin wanamtwika mzigo usio wake. Lakini shina la hoja yake limethibiti. Huko Marekani, katika hifadhi ya Yellowstone, mbwa mwitu walimalizwa kwa bunduki na mitego kufikia miaka ya 1920. Kulungu wakubwa wakaongezeka, wakatafuna miche ya miti hata ikashindwa kukua. Mbwa mwitu waliporudishwa mwaka 1995, kulungu wakapungua, ingawa dubu na wawindaji nao walichangia, na baadhi ya maeneo yakaanza kuota miti upya.

Uzeeni al-Jahiz alipooza upande mmoja, akarejea Basra, akafariki mwaka 255 Hijria. Husimuliwa kwamba aliangukiwa na rundo la vitabu vyake. Allah ndiye Mjuzi zaidi.