Mbio za Jackie Robinson na somo la Kiwanjani

Mwezi uliopita nilikuwa Kiwanjani, mtaa wa Isiolo ulio jirani na uwanja wa ndege, nikawakuta wasichana wa shule wakicheza raundasi katika vumbi la alasiri. Mchezo wenyewe waujua, msomaji: mpira hupigwa kwa kigongo, naye aliyeupiga huvizunguka vituo vinne mbio kabla haujarudishwa. Msichana mmoja, mwepesi kama swala, alifika kituo cha tatu salama. Badala ya kutua akaendelea, ilhali mpira ulikwisha kuwa mikononi mwa mlinzi wa kituo cha nne. Akatolewa. Papo hapo akawageukia wenzake na kuwalaumu kwamba wao ndio waliompigia kelele akimbie. Mwalimu akamsifu kwa bidii yake, na mchezo ukaendelea.

Niliondoka nikiwaza. Bidii alikuwa nayo. Busara ilimpungukia, na hilo husameheka kwa mtoto. Lakini kosa lilibaki la nani? Hapo nikamkumbuka Jackie Robinson, Mmarekani aliyejipatia sifa kwa kukimbia baina ya vituo vya besiboli, mchezo ulio ndugu wa raundasi.

Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 mjini Cairo, katika jimbo la Georgia, akiwa kitindamimba wa watoto watano. Baba aliiacha familia, naye mama, Mallie, akawahamishia wanawe Pasadena, California, akawalea kwa kazi za nyumbani mwa watu. Mbio zilikuwa katika ukoo: kaka yake Mack alimaliza wa pili nyuma ya Jesse Owens katika mita 200 za Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Jackie mwenyewe aliiwakilisha UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, katika michezo minne. Mwaka 1944, akiwa afisa wa jeshi, alikataa kuhamia nyuma ya basi kwa sababu ya rangi yake. Akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akaonekana hana hatia.

Ligi kuu za besiboli zilikuwa zimewafungia Weusi mlango kwa zaidi ya nusu karne. Tarehe 15 Aprili 1947 mlango huo ulifunguka Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Alikuwa amekubaliana na Branch Rickey, kiongozi wa timu, kwamba matusi atakayorushiwa hatayajibu kwa ngumi. Akayajibu kwa miguu.

Katika besiboli mkimbiaji halazimiki kusubiri mpira upigwe. Aweza kukiiba kituo, yaani kukikimbilia wakati mrushaji anapoutupa. Akichelewa hafiki, akitangulia mno, mrushaji humgeukia na kumnasa. Methali zetu mbili, ile ya haraka isiyo na baraka na ile ya anayechelewa akakuta mwana si wake, hukutana katika hatua hizo chache. Robinson alisogea, akarudi, akasogea tena, hata mrushaji akapoteza utulivu. Mwaka 1949 aliongoza ligi yake kwa kuiba vituo 37, akatuzwa kuwa mchezaji bora. Kituo cha nyumbani, kilicho kigumu kuliko vyote, alikiiba mara 19.

Linalokumbukwa zaidi ni tukio la tarehe 28 Septemba 1955, katika mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya New York Yankees. Dodgers walikuwa nyuma, 6 kwa 4, Robinson alipochomoka kutoka kituo cha tatu na kutelezea nyumbani. Mwamuzi alimkubali, Yogi Berra, mdakaji wa Yankees, aliruka kwa hasira. Dodgers walishindwa siku hiyo 6 kwa 5, ingawa mwishowe walitwaa ubingwa. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1972, Robinson alikiri kwamba kwa timu iliyoachwa pointi mbili, hiyo haikuwa mbinu bora.

Alifanya vivyo hivyo kwa makosa mazito zaidi. Mwaka 1949 alitoa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani ushahidi uliompinga mwimbaji Paul Robeson. Mwaka 1960 alimuunga mkono Richard Nixon dhidi ya John F. Kennedy. Katika kitabu hicho hicho aliandika kwamba mwaliko wa kamati ile, kama ungemjia tena, angeukataa. Na kwamba kumuunga mkono Nixon, japo kwa nia safi, hakukuwa miongoni mwa maamuzi yake mazuri. Hakuwalaumu waliompigia kelele akimbie.

Sisi Wakenya tuna deni kwake. Mwaka 1959, Tom Mboya alipotafuta nauli za kuwapeleka vijana wetu vyuoni Marekani, Robinson alitia sahihi ombi la michango pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walisafiri. Safari ya mwaka 1960, iliyomchukua Wangari Maathai, ilifadhiliwa na wakfu wa familia ya Kennedy, yule yule ambaye Robinson alimpinga.

Alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 53, macho yakiwa yamedhoofishwa na kisukari. Mwaka 1997 jezi yake namba 42 iliondolewa katika timu zote za ligi kuu kwa heshima yake.

Nami nina la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha karatasi za mtihani mbio mbio ili niwahi safari, nikaruka ukurasa wa mwisho wa jibu la mwanafunzi mmoja. Akaanguka. Alipokuja kulalamika nililaumu wingi wa karatasi na ufupi wa muda. Alama zake zilirekebishwa, lakini hakuwahi kunisikia nikisema kwamba kosa lilikuwa langu.

Sarufi ilinitangulia kwa hekima. Kitenzi laumu hudai yambwa, mtu wa kubebeshwa. Kuwajibisha nako kunadai yambwa, na labda ndiyo maana twakupenda sana. Lakini wajibika hakina yambwa. Kinatosheka na kiima chake.

Walimu wenzangu, tuwasifu watoto kwa bidii, naam, lakini sifa zisiwe mwisho wa somo. Mtoto anayetolewa kituo cha nne aulizwe kwa upole aliona nini kabla ya kukimbia, na apewe nafasi ya kusema kwamba uamuzi ulikuwa wake. Nasi tuwatangulie kwa kuyataja yetu mbele yao. Mwanafunzi wangu yule, kama anasoma ukurasa huu, ajue kwamba kosa lilikuwa langu.