Kichwa cha Mwami Msiri kilienda wapi?

Kila tarehe 20 Desemba, kule Bunkeya, teritware ya Lubudi, Bayeke wanamukumbuka Mwami wao wa kwanza, Msiri. Lakini kuna swali halijapata jibu mpaka leo: kichwa chake kiko wapi?

Alizaliwa upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo, akaitwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa anachuuza shaba, na ni biashara hiyo ndiyo ilimuleta kijana huku kwetu katikati ya karne ya 19. Wenyeji, kama Basanga, walikuwa wanachimba shaba na kuiyeyusha kuwa misalaba. Msiri aliiuza pamoja na pembe za tembo na watumwa, akapata bunduki na baruti. Ndivyo alivyosimamisha ufalme wa Garenganze, na wengi waliumia chini yake.

Mwaka 1891 kapiteni Stairs alifika na msafara wa Leopold II. Msiri alikataa drapo yao. Tarehe 20 Desemba Bodson alimupiga risasi, akafa. Bodson naye akapigwa, akafa siku ileile. Bazungu wakakata kichwa cha Mwami, wakakitundika juu ya mti.

Kisha kichwa kikapotea. Wamoja wanasema kilipelekwa Ubeleji, wengine wanasema kilibaki njiani. Stairs hawezi kuulizwa: homa ilimuua Chinde, Msumbiji, mwaka 1892.

Miaka zaidi ya 130 imepita. Kwa jamaa, kilio hakiishi kama mufu hajazikwa muzima.