Sheikh Muhammad Abduh Alipokuwa Mwanafunzi

Jina la Sheikh Muhammad Abduh wa Misri si geni katika mwambao wetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliathirika sana na fikira zake. Lakini wengi wamjuao kwa fatwa zake hawana habari kwamba mtu huyu, katika ujana wake, aliikimbia ilimu, na tena zaidi ya mara moja.

Alizaliwa mwaka 1849 katika nyumba ya wakulima. Alipokwisha kuihifadhi Kurani, baba yake alimpeleka Tanta, katika msikiti wa Ahmadi, akatiwa katika darsa ya nahau. Masheikh wa huko wakiyataja maneno ya fani yao pasina kuyafasiri, kana kwamba mwanafunzi amezaliwa akiyajua. Akakaa mwaka na nusu asifahamu kitu. Wenziwe wengi hali yao ilikuwa ni hiyo hiyo, ila wao waliridhika kukaa. Na hili, ndugu zetu, hata kwetu lipo: kijana huhudhuria darsa miaka, na akiulizwa amefahamu nini, hutaja jina la kitabu.

Abduh alijiona hana akili ya kusoma. Akatoroka, akarudi kwao kulima, na mwaka 1865 akaoa. Baba yake akamlazimisha kurudi Tanta. Naye njiani akageuza, akenda kujificha kwa jamaa zake.

Huko alikuwako mzee mmoja, Sheikh Darwish, mjomba wa baba yake. Mzee huyu alimpa kitabu kidogo cha maadili amsomee. Kijana akakitupa. Mzee hakukasirika, alikiokota, akampa tena, akamwomba asome mistari michache tu, na kila mstari akamfasiria kwa maneno mepesi. Haukupita muda, kijana akawa hukaa peke yake akisoma, na kila pahala asipopafahamu akipatia alama, hata mzee ajapo amwulize. Alikaa kiasi cha siku kumi na tano. Aliporejea Tanta, darsa ile ile iliyomshinda akaifahamu, na wanafunzi wenziwe wakawa wakimkusanyikia awadurusishe.

Mwaka 1866 aliingia Azhar. Kila likizo Sheikh Darwish alimhoji: amesoma mantiki? Hisabu? Handasa? Akijibu kuwa hayo hayasomeshwi huko, mzee alimwambia ayatafute popote yalipo. Akayatafuta, mpaka yakamfikisha mwaka 1871 kwa Sayyid Jamaluddin Al-Afghani. Mwaka 1877 alipata shahada ya uanachuoni, ingawa katika waliomtahini walikuwamo wasiompenda.

Alipopata kuingia katika baraza la kuitengeneza Azhar, mwaka 1895, jambo alilolishikilia ni hilo lililomtesa Tanta: wanafunzi wanaoanza wasitwishwe sherehe juu ya sherehe kabla ya kuufahamu msingi. Mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri, na mwaka 1905 akafariki Iskandaria, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Umri wake umekwisha pita miaka arubaini alipoazimia kusoma Kifaransa. Alimtaka mwalimu asimsomeshe sarufi. Yeye atasoma kitabu, na mwalimu amsahihishie matamshi na kumfasiria asipofahamu. Kwa Kifaransa hicho ndicho alichokisoma, kisha akakitia katika Kiarabu, kitabu cha Herbert Spencer juu ya malezi na mafunzo ya watoto.