Karani wa Forodha Aliyetunga Beti 3,000

Marehemu Shaaban Robert twamjua sote kwa vitabu vyake. Kazi iliyompatia riziki hatuitaji sana, nami niliikumbuka nikiwa mbali na bahari, katika nchi ya chai kati ya Kericho na Bomet, nikiwatazama wachumaji. Mchumaji hodari hachumi ila majani mawili na chipukizi lake. Vidole vyaenda mbio, jicho halibanduki kichakani, na kikapu chajaa mgongoni bila yeye kugeuka. Hulipwa kwa kilo. Baada ya siku chache kichaka kilekile kimechipua tena, naye yuko palepale. Nikajiuliza ni nani katika watu wetu wa pwani aliyeishi na kazi ya kurudiwarudiwa hivi, na moyo wake ukahudhuria.

Shaaban alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia Idara ya Forodha kuwa karani. Alidumu humo miaka 18. Kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya serikali Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji wa ardhi hadi 1960. Hiyo ni miaka 34 ya kalamu na daftari, tena chini ya serikali ya kikoloni, ambamo Mwafrika hata awe hodari vipi hakutazamiwa kupanda mbali.

Ukarani wa forodha ni kazi ya hesabu. Tarakimu moja ikikosewa, ukurasa mzima umeharibika. Na utenzi nao una mizani nane kila kipande. Ukizidisha mmoja, ubeti wachechemea. Mimi naona (na watunzi wenzangu wana ruhusa kunibishia) kuwa daftari halikumwibia Shaaban ushairi wake, bali lilimzoeza. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta katika utumishi huohuo, naye akaitungia Utenzi wa Vita vya Uhuru, wa beti zipatazo 3,000. Beti kiasi hicho hazishuki kwa hamasa ya usiku mmoja. Huja moja moja, kama majani yale.

Asidhani mtu kuwa alikuwa mja wa kuridhika na kila alichopewa. Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika, kisa cha Karama, aliyeshtakiwa kwa kuwafundisha watu sheria, akasimama barazani kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mawazo mema, wakatiwa gerezani. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa bado mtumishi wa serikali. Kupenda kazi hakukumfunga mdomo. Huko Kericho nako mashine zimeshika nafasi ya mikono mingi, na mwaka 2023 baadhi zilichomwa moto katika maandamano. Anayemsifia mchumaji utulivu wake na asisahau kuuliza bei ya kilo.

Shaaban aliacha utumishi mwaka 1960, akafariki Juni 1962. Ule utenzi wa vita, alioupigania ubeti kwa ubeti miaka yote ile, ulitoka kitabu mwaka 1967. Hakuuona umechapwa.